Turbo ya Uswisi, Mahege hadi Kibiti

Jumatatu, 7 Agosti 1995. Kibiti.
Ukasha amerudi kutoka Dar na pikapu mpya. Mpya kwake, Mjapani aliyekuwa nayo ameshaichoka. Ubavuni imeandikwa TURBO. Abiria wangu wote wamehamia kwake, hata wenye kuku. Na Jumapili Mzee Mwinyimvua wa Mahege anamleta binti yake Mwanamina kwa mumewe hapa Kibiti. Atakayembeba bibi harusi, abiria wa njia hii ni wake. Lazima niwe mimi, Gasper!

Jumanne, 8 Agosti.
Nimemuuliza Mwalimu Sixtus turbo ni mdudu gani. Kasema moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni hiyo inazungusha mwenzake, na huyo mwenzake anashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi inaungua, nguvu zinaongezeka. Aliyegundua ni Mswisi. Siku hizi Wajapani na Wajerumani wanazitengeneza kwa wingi.

Kumbe ni moshi tu! Gari langu lina moshi wa kutosha Kibiti nzima. Mchana fundi rangi ameniandikia: TURBO YA USWISI. Ukasha abaki na Japani yake.

Alhamisi, 10 Agosti.
Nimegundua siri. Ukasha akifika, hazimi injini mara moja. Anaiacha ingurume kidogo, eti turbo ipoe, isije ikaungua. Abiria wanasubiri kimya, utadhani kuna dua.

Leo Mahege, mbele ya Mzee Mwinyimvua, nimeacha yangu ingurume mpaka birika la kahawa likaisha. Mzee akauliza mbona ya Ukasha inapoa upesi. Nikamjibu kwa upole kwamba turbo ndogo ndivyo zilivyo. Nimepewa harusi! Ukasha atabeba masufuria.

Jumapili, 13 Agosti.
Ushindi! Nilifika Mahege alfajiri, sikuzima injini. Bibi harusi anapambwa, turbo inapoa. Watu wanakula pilau, turbo inapoa. Tukaondoka kwa vigelegele. Katikati ya mchanga gari likakohoa, likanyamaza. Dizeli kwisha.

Bi Sikudhani, shangazi wa bibi harusi, akasema mtoto wao haendi kwa mume kwa miguu. Akanitazama. Niliogopa, sifichi. Mara Ukasha huyo na masufuria yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwomba dizeli, akasema ya gari la Japani haimfai Mswisi. Akatoa kamba, akatuvuta.

Kibiti yote ilitoka barabarani! Nani amewahi kuona bibi harusi wa huku ana gari la kumtangulia, kama kiongozi wa serikali? Bi Sikudhani mwenyewe alinivisha kanga begani.

Jumatatu, 14 Agosti.
Watu wawili wa Mchukwi wameniita kwenye harusi zao. Wote wanataka na gari la mbele liwepo. Ukasha hajaitikia salamu yangu. Wivu ni ugonjwa. Nimemsamehe. Nimenunua kamba mpya, nene, ya bluu. Ile yake ilikuwa chakavu mno, imetutia aibu mbele ya wakwe.