Jinsi Sephora Alivyoiamsha Kompyuta ya Marehemu Alphonse

Sogeeni, enyi watu wa Kampemba, nanyi mnaoelekea Kinsevere zimeni injini zenu kidogo, kwa maana nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu, ila jasho tu, na chai kidogo juu ya kibodi.

Katika karakana ya ushonaji ya Mama Victorine, mtaani Hewa Bora, ilisimama kompyuta ya kale, nzito kama jiwe la kusagia, iliyoachwa na marehemu mumewe Alphonse. Ndiyo iliyoiongoza cherehani ya kutarizi. Ndani yake ulilala mchoro wa bendera ya kwaya, aliouchora Alphonse mwenyewe, wala haukuwa na nakala popote. Jubilei ya parokia ilikuwa Jumapili. Ijumaa asubuhi kompyuta ikakataa kuamka.

Haikuwa imekufa. Betri yake ndogo ilikuwa imekwisha, nayo ikasahau ianze na diski ipi. Kwenye skrini likabaki neno moja tu, ok, kama mlinzi aliyeegemea mkuki, akingoja kuambiwa jina la mwenyeji.

Akaitwa Sephora, mpwa wa Mama Victorine, binti wa politekniki, Mshika-Bisibisi, Asiyekata-Tamaa-Kabla-ya-Bukari, yaani kabla ya ugali wa mchana. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi la enzi na enzi, akaona juu ya diski kibandiko chenye mwandiko wa marehemu: sd0. Akaifuata sifuri ile. Akaiamuru mashine ianze na disk0. Mlinzi akajibu kwamba mlango huo haufunguki. Akaamuru tena kwa upole, kisha kwa ukali. Akachomoa nyaya na kuzirudisha. Akafanya hata ishara ya msalaba. Jibu lilikuwa lile lile.

Mlangoni aliketi Rachid, mnunuzi wa vyuma chakavu, jirani mwema mwenye ulimi mrefu, amekuja na mkokoteni wake tayari. Alikuwa akieleza kwamba ndani ya sanduku lile mna shaba nzuri, na kwamba hata shaba ina haki ya kupumzika.

Mama Victorine hakumsikiliza. "Mutoto yangu," akamwambia Sephora, "kama imekufa, uniambie tu. Bendera nitaishona na mukono. Lakini haitakuwa ile ya Alphonse."

Sephora akakisoma kibandiko kile upya.

Ndipo mama mmoja mgeni, aliyetoka Kasenga na mfuko wa samaki wakavu, akabisha langoni akimuulizia Musonda.

"Hapa hakuna Musonda, mama," Rachid akamjibu. "Hapa iko Victorine tu."

"Rachid, acha muntu apite," akasema Mama Victorine akiinuka. "Musonda ni miye. Victorine ni ya batizo. Kwetu habajue Victorine."

Rachid akakiri kwamba katika ujirani wao wote hakupata kulisikia jina hilo. Lakini Sephora alikwisha kusimama, bisibisi juu kama upanga, akahutubia karakana nzima.

"Tantine, tumebisha mlango na jina la batizo! Tonton Alphonse aliandika jina ambalo mfumo wa kompyuta unaiita diski ukisha kuamka. Mulinzi wa mulango anaamka mbele, mfumo ukingali umelala, hilo jina halijui. Yeye iko anahesabu kwa namba ya nyuma ya diski."

Akaigeuza diski. Nyuma yake kulikuwa na namba: tatu. Akaandika amri ya kuanza, boot disk3, akabonyeza, akafumba macho.

Diski ikanguruma. Mistari ikapanda skrini kama askari wanaorudi kutoka vitani, na katikati yake mfumo, bila haya yoyote, ukaisalimu diski ile ile kwa jina la sd0.

Basi wanahistoria wa Katanga na waandike, na wasipoandika nimeandika mimi: kwamba siku ile, kabla ya jua la utosi, sindano ilishuka, na herufi ya kwanza ya bendera ikatokea kitambaani kwa uzi wa buluu, imeinama kidogo kushoto, jinsi Alphonse alivyopenda. Mama Victorine akaigusa kwa kidole kimoja, akamwomba Sephora asisimamishe mashine.