Usukani wa Mwalimu Kioo

Redio ya Mama Buli, muuza kahawa, ilipotangaza kwamba wakubwa wa usalama barabarani wamefanya utafiti wa kina na kugundua kuwa ajali nyingi husababishwa na makosa ya kibinadamu, benchi zima lilimgeukia Mwalimu Kioo.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza.

Walimwangalia, kisha wakaliangalia gari lake. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokwisha kuzeeshwa na watu wengine kabla yeye hajalinunua. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limepanda ngazi ya duka la kinyozi. Muda si mrefu uliopita wanywa kahawa wote walinyanyua miguu kwa pamoja, bila kuamriwa, ili gari lipite pale miguu ilipokuwa.

"Hatukuangalii wewe," alisema Nyembe, kinyozi mwenye ngazi. "Tunaangalia makosa ya kibinadamu."

"Niligusa usukani kwa kidole kimoja tu."

"Tunashukuru hukutumia mkono."

Kioo alikuwa mwalimu wa udereva. Jina hilo alilipata kwa kuwaambia wanafunzi waangalie kioo kabla ya kila jambo, na nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake. Kwa hiyo ilimuuma, tena ilimuuma sana, kwamba siku hizi wanafunzi wake wa zamani wakimwona anakuja wanaegesha pembeni mpaka apite.

"Jamani, leo sina nafasi ya mzaha," alisema. "Mke wangu akitoka kazini anapita hapa, twende tukamtoe baba yake hospitali. Mzee kafanyiwa upasuaji wa henia, mshono bado mbichi. Na mke wangu kaapa: gari likiyumba hata mara moja kabla ya njia panda, yeye anashuka, na kesho linauzwa."

"Si mchukue teksi?" aliuliza Mama Buli, akimimina kahawa.

"Teksi? Mimi? Mama Buli, unamjua baba mkwe wangu?"

Wote walimjua. Mzee yule aliendesha mabasi ya safari ndefu mpaka alipostaafu, na hakuwahi kukubali kwamba mtu anayekaa kiti cha abiria na kukanyaga breki ya pili anaweza kuitwa dereva. Siku Kioo alipokwenda kujitambulisha ukweni, mzee alimuuliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, aliuliza tena. Tangu siku hiyo Kioo aliota jambo moja tu: kumkalisha mzee pembeni yake, kwenye gari lake mwenyewe, na kumfikisha nyumbani bila mzee kupata la kusema.

"Basi tupe dalili," alisema Bomba, fundi wa mabomba ya maji, akikunja mikono ya shati. Kwa Bomba, kila kitu duniani kilikuwa bomba ambalo halijafunguliwa.

"Ukigusa usukani kidogo, linaruka. Ukilirudisha, linarudi kupita kiasi. Pale malori yalipochimba lami, linafuata njia za malori utadhani lina miadi nayo. Na ukikanyaga breki, linachagua upande linaoupenda."

"Hiyo si hitilafu, hiyo ni tabia," alisema Nyembe. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa mlevi. Gari linajifunza."

"Linajifunza?"

"Mashine yangu ya kunyolea, kila nikimwazima jirani, ikirudi inavuta nywele."

"Inavuta nywele hata kabla hujamwazima," alisema Bomba. "Kichwa changu ni shahidi."

Mstaafu alikohoa. Alikuwa karani mkuu wa ofisi moja mpaka umri ulipomtoa, na bado alikohoa hivyo kabla ya kusema, ili watu wapate muda wa kushika kalamu.

"Nyote mmeliacha jambo lenyewe," alisema. "Gari hili limeundwa kwa barabara za huko kwao. Likiona za kwetu linashtuka. Ilitakiwa waandaliwe waraka."

"Magari?"

"Waagizaji, Bomba. Waagizaji."

"Nilitaka kujua tu. Maana hili halionekani kama linasoma."

Bomba alilala chini, akaingia kichwa na mabega chini ya gari. Alishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili akalitikisa, akahamia la pili akalitikisa pia. Kioo alisimama juu yake akichungulia barabara, kwa maana jua lilikuwa limeshaanza kushuka na mke wake hakuwa mtu wa kuchelewa.

"Hakuna kinachocheza," sauti ya Bomba ilitoka chini. "Boljointi mpya, tairodi mpya, kila kitu kimekaza. Mgonjwa wako mzima kabisa." Alisema hivyo kwa fahari, kwa sababu tairodi hizo, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, alikuwa amezifunga yeye.

"Niulize swali la kijinga," alisema Mama Buli. "Siku unalinunua, lilikuwaje?"

"Lilikuwa limenyooka. Nilitoka nalo kwa muuzaji, barabara tupu, nikaachia usukani, likaenda lenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nikaja hapa."

Watu walianza kukoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Mimi nilisema jambo dogo tu," Nyembe alianza, bila kuulizwa. "Nilisema matairi ya mbele ni membamba. Gari la spoti halivai viatu vya shule."

"Ukanipeleka kwa binamu yako, akanifungia mapana."

"Yanapendeza."

"Yanapendeza, na ndiyo yanayofuata njia za malori," alisema Mstaafu. "Lakini hilo ni dogo. Nani alikata springi ili gari lishuke chini? Tena kwa mashine ya kukatia mabomba?"

"Kioo mwenyewe alitaka lishuke," alisema Bomba, akijipangusa vumbi.

"Nani alimwambia kwamba anataka?"

"Nilimsaidia kufahamu anachotaka. Na wewe, Mstaafu, upepo je? Hayo matairi yamejazwa mpaka yanakanyaga ardhi kwa mstari mmoja wa katikati."

"Upepo ukizidi, mafuta hayaliwi sana. Nilisoma."

"Ulisoma wapi?"

"Mahali."

"Na tairodi," alisema Nyembe, akiwa amefurahi kuona mzigo unagawanywa, "ulipozifunga, Bomba, ulipima kwa nini?"

"Kwa jicho."

"Jicho lipi?"

"La kulia. La kushoto huwa nalifunga nikiwa kazini."

Mama Buli alicheka mpaka birika likamtetemeka mkononi. Ndipo Nyembe alipochungulia dirishani mwa gari na kuuonyesha usukani, mdogo, wa kuenea kwenye kisahani.

"Na huu, Mama Buli?"

Kicheko kilikatika. "Nilisema tu ule wa kwanza unafanana na wa basi. Huu ulikuwa wa kaka yangu, umekaa stoo bure."

"Ndiyo maana kidole kimoja kinafanya kazi ya mkono mzima," alisema Kioo taratibu. Alikuwa anafundisha jambo hilohilo darasani kila juma, na hakuwahi kulikumbuka hata mara moja akiwa kwenye benchi lile.

"Fundi wa magari alisemaje?" aliuliza Mama Buli.

"Fundi wa magari gani?"

"Hujawahi kulipeleka kwa fundi wa magari?"

"Si nilikuwa nakuja hapa."

Mstaafu alipendekeza iundwe kamati ndogo. Nyembe alimjibu kwamba kamati ndiyo iliyolifikisha gari hapo. Bomba, aliyeona jicho lake limetukanwa, alitoa mfukoni uzi wake wa kunyooshea mabomba, akaufunga nyuma ya gari na kuuvuta mpaka mbele, ubavu kwa ubavu, ili kila mtu aone kazi yake ilivyonyooka. Kila mtu aliona. Gurudumu la kushoto lilikuwa linachungulia kushoto, na la kulia linachungulia kulia, miguu ya bata kabisa.

"Kila moja lina safari yake," alisema Mama Buli.

"Uzi umelegea," alisema Bomba. Akauvuta tena, na magurudumu yakabaki vilevile. "Sawa. Kioo, nipe ufunguo. Kabla shemeji hajafika nitakuwa nimeyarudisha. Safari hii nitatumia macho yote mawili."

"Mimi napunguza upepo," alisema Mstaafu akiinuka.

"Namwita binamu yangu aje na yale membamba," alisema Nyembe.

Kioo aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa hapo, na mkono wake ulitaka kuutoa. Aliutamani mno ule mwendo wa kutoka hospitali, mzee pembeni, madirisha yameshushwa, watu wanatazama. Kisha akaufikiria ule mshono. Aliona aibu kwamba ameukumbuka wa mwisho.

Hapo mke wake akafika. Alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda, bado amevaa sare, na mkoba begani.

"Karibu shemeji," walisema wote kwa pamoja, wapole kupita kawaida.

"Asanteni. Liko tayari?"

"Tayari," walijibu watatu.

"Haliko tayari," alisema Kioo.

Mke wake alimtazama. Alikuwa amekuja na hotuba nzima, ilionekana usoni, na sasa hakujua aipeleke wapi.

"Magurudumu yanatazama pande mbili, matairi siyo, springi zimekatwa, usukani mdogo mno. Halifai kumbeba baba. Halifai kumbeba mtu yeyote. Hata kuja nalo hapa nimekosea. Naita bredauni livutwe kwa fundi wa magari, sisi twende kwa teksi."

"Fundi wa magari?" alisema mke wake. "Kumbe unajua kuna watu wa namna hiyo." Lakini alikaa kwenye benchi, pembeni yake, karibu zaidi kuliko alivyokaa siku nyingi.

Bredauni ilifika. Dereva wake, mtu mnene wa maneno machache, aliinama akachungulia chini ya gari. Akakaa huko kwa muda. Alipoinuka alivua kofia.

"Fundi aliyelitengeneza gari hili ni nani?"

Nyembe alikumbuka kwamba kuna mteja amemwacha kichwa nusu. Bomba alisikia maji yanamwagika mahali fulani. Mstaafu alikuwa na kikao. Na nani, hakusema. Mama Buli alianza kuosha vikombe visafi. Benchi likabaki la watu wawili.

"Ni mimi," alisema Kioo. "Kila kilichofanywa, nilikikubali mimi."

Gari lilipokuwa linanyanyuliwa pua, simu ya mke wake ikalia. Alibonyeza kipaza sauti, akaiweka katikati yao.

"Shikamoo baba," alisema Kioo.

"Marahaba. Mmeshatoka? Mnakuja na lile gari?"

Hii ndiyo siku aliyoingoja, na ilikuwa inavutwa kwa mnyororo mbele ya macho yake.

"Hapana, baba. Usukani wake si wa kuaminika. Nimelisimamisha. Tunakuja na teksi."

Upande wa pili zilisikika sauti za wodi, mtu akisukuma kitoroli.

"Limezimika, au umelisimamisha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ulikuwa unalitaka uje nalo."

"Nilikuwa nalitaka sana, baba."

"Hm," alisema mzee. "Nimefanya kazi na watu wengi barabarani. Kukimbiza gari wote walijua. Kusimama walijua wachache, na wengine nimewazika. Haya. Nakungoja, dereva."

Macho ya Kioo yalijaa machozi, na hakuyafuta. Mke wake alimshika mkono.

"Lakini ngoja nikwambie tatizo la gari hilo," mzee aliendelea, sauti imepata nguvu. "Hilo ni jepesi. Mpe mtu apakie mfuko wa saruji huko nyuma, halafu zile springi..."

Mke wake akakata simu.

Mlango wa kinyozi ukafunguka kidogo, na kichwa cha Nyembe kikatokeza, mkasi mkononi.

"Saruji mfuko mmoja, au kasema miwili?"