Kitambaa cha Darubini ya Bunduki

Rashidiya, Dubai
Machi 2015

Kwako Bwana Meneja wa Klabu ya Shabaha,

Shikamoo, ingawa umri wako siujui. Nakuandikia Kiswahili maana nimeambiwa wewe ni mtu wa Unguja. Niko jikoni kwa madam wangu, wali umeshakauka, kwa hiyo nina nafasi ya kulalamika vizuri.

Mimi ndiye mama mzazi wa Deus, yule kijana wenu mrefu wa karakana. Shule niliishia darasa la saba, lakini nimezaa fundi. Mteja wenu alileta bunduki ya nusu-otomatiki kama ilivyotoka kiwandani, haina hili wala lile. Deus akaibadilishia kitako, akaifungia mtutu mpya na kifyatuo laini, vipuri vya kuagiza vyote, kisha juu akaweka darubini ambayo ukichungulia unamwona inzi kwenye shabaha na unajua kama amekula. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilipompelekea chakula nikaikuta darubini hiyo iko uchi. Kwetu hata redio haikai uchi. Nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nikamwachia aivishe.

Ijumaa iliyofuata namkuta mwanangu mapokezi, anawagawia wageni vya kuziba masikio! Malalamiko yangu:

1. Mmemtoa karakana kwa sababu ya kitambaa. Sijaambiwa na mtu, lakini mama anajua.

2. Fundi mkuu wenu, Bwana Mohdhar, alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama na risasi nitazifumia soksi. Nikamjibu inshallah. Soksi sasa ziko tayari na hakuna wa kuzipokea.

3. Mnasema kitambaa kinamzuia mtu kuona. Kwani lazima aone? Shabaha haihami. Mtu akishaiona mara moja, anakumbuka ilipo. Vumbi la hapa ndilo linalohama.

4. Kwa kuwa kutunza vitu kumewashinda, naomba bunduki zote za klabu zipitie kwangu nizipime, kila kitako kipate foronya. Rangi mtachagua wenyewe, mimi si mkali.

5. Deus arudi karakana kesho. Kanisani nimeshawatangazia kwamba ni fundi wa bunduki, na Mama Tufaha, ambaye mwanawe ni dereva tu wa basi la hoteli kule Garhoud, ameanza kuniuliza habari za Deus kwa upole. Upole ule mimi naujua.

Nisalimie mkeo, wanao, walinzi wa getini, na Bwana Mohdhar pia. Mwambie sijakasirika, namwangalia tu.

Ni mimi, mtetezi wa mtoto wangu,
Doris, Mama Deus

Nyongeza: Deus amepita kuchukua chapati, nikamsomea barua. Anasema hamkumtoa kokote. Siku zote yuko karakana, ila Ijumaa ameomba mwenyewe kukaa mapokezi, maana pale anauona mlango, nikitokea na mfuko wa nyuzi anizuie. Basi malalamiko yafuteni, khalas. Lakini mwambieni asijisumbue kukaa pale. Mlango wa nyuma nimeshauona.