Sindano Haivuki Mlango Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetukanwa. Tena uani kwangu, mchana kweupe, majirani wakiangalia!

Vijana wawili wa chanjo ya surua wamefika saa sita, sanduku la barafu begani. Nikasimama. Nikafunga vifungo vya koti. Mwaka wa tatu huu mimi ni shefu wa nyumba kumi hapa Bulengera. Mgeni hawezi kulala kwenye nyumba zangu kumi bila jina lake kuingia kwenye daftari langu. Butembo nzima inajua. Wale vijana hawajui. Wameniuliza: "Papa, kwa Mama Hadassa ni wapi?"

Kwa Mama Hadassa! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta! Kumbe kituo cha afya kimemchagua yeye kuhamasisha watu. Amepewa jile, kile kizibao cha njano, na megafoni. Mwanamke ambaye hata bila megafoni anasikika hadi sokoni.

Nimeamua. Mpaka kituo kije kuniomba radhi, na jile yangu mkononi, sindano haivuki mlango huu. Binti yetu Christa, miezi kumi, hachomwi. Nimemtangazia mke wangu Kanyere rasmi, nikiwa nimesimama. Alikuwa anatwanga majani ya sombe. Amejibu "sawa" haraka sana, bila kuinua macho. Nimependa. Heshima bado ipo nyumbani.

Stanislas wa nyumba ya tatu yuko upande wangu. Ana watoto wawili, Kahindo wa miaka minne na mdogo wake wa mwaka mmoja. Alitaka kuwapeleka kesho. Nikamwambia angojee neno langu. Kasema shefu akishasema, basi. Huyu ndiye raia!

Jumatano, 8 Oktoba

Hadassa ameitisha mkutano wa maswali kwenye uwanja wa kanisa. Kwa megafoni, saa kumi na mbili asubuhi. Jogoo wangu amenyamaza kwa aibu.

Nimekwenda. Si kusikiliza. Kuharibu. Nilikaa mstari wa mbele, miguu nimeinyoosha.

Aliyejibu ni muuguzi Débora, binti mdogo mdogo hivi, sauti ya chini. Mama mmoja akauliza kwa nini kumchoma mtoto mzima, si angojewe augue kwanza. Débora akasema mwili unahitaji siku nyingi kujifunza kupigana, na surua haingoji. Mwingine akauliza kwa nini sindano moja isitoshe magonjwa yote. Akasema kila ugonjwa una sura yake. Maswali mepesi! Nikainuka na langu. Nikasema: ikiwa chanjo ni ule ugonjwa wenyewe uliodhoofishwa, kwa nini mnaniletea adui nyumbani, hata akiwa na magongo?

Watu wakacheka. Nikainama kidogo.

Débora hakukasirika. Akaniuliza kama mimi ndiye shefu wa nyumba kumi. (Hatimaye!) Akasema basi naelewa kuliko wote. Mwizi asiyejulikana huingia, na mpaka watu wajue ni mwizi ameshabeba sufuria. Lakini shefu akionyeshwa picha yake mapema, siku mwizi akifika pale kwenye kona, filimbi imeshalia. Akasema chanjo ndiyo ile picha, na kwamba ndani ya mwili wa kila mtu kuna shefu wa nyumba kumi.

Watu wakapiga makofi. Hata Stanislas! Mimi sikupiga. Lakini nimelifikiria jambo hili njia nzima. Kama ndani ya kila mwili kuna shefu, mwili wa shefu mwenyewe una mashefu wangapi? Angalau wawili. Hauhitaji picha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hadassa ametangaza kwamba Jumamosi timu ya ukaguzi itapita nyumba kwa nyumba, ikiangalia vidole. Mtoto aliyechomwa hupakwa wino kwenye kidole kidogo. Asiye na wino atachomwa papo hapo mlangoni.

Mlangoni pangu? Hapana!

Akili yangu haikulala. Nimeazima feutre ya kwaya, ile kalamu ya rangi ya zambarau tunayoandikia nyimbo kwenye karatasi kubwa. Kanyere alipokwenda sokoni, Christa amelala, nikaingia kwa vidole vya miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa na soksi ya sufu, imefungwa kwa uzi mafundo matatu. Baridi ya Butembo, nikafikiri, mama mwenye bidii. Wa kuume ulikuwa wazi. Nikapaka kidole kidogo, kwa ustadi, mpaka kwenye kucha. Mtoto hakutikisika. Nilitazama kazi yangu nikatamani mtu mwingine aione.

Kwa Stanislas nimetumia njia nyingine. Nimemshauri mke wake aende shambani Kasugho na watoto wote wawili, arudi wiki ijayo. Wameondoka leo hii na pikipiki. Timu itakuta kufuli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siandiki mengi.

Timu imekuja: Débora, kijana wa sanduku, na Hadassa ndani ya jile. Nikawapokea kwa tabasamu. Nikamwinua Christa, nikaonyesha kidole cha kuume. Hadassa akakiangalia. Akasema wino hupakwa mkono wa kushoto. Nikasema labda kijana wao alichanganya. Akafungua soksi. Fundo la kwanza. La pili. La tatu.

Kidole cha kushoto: wino. Mweusi, umeanza kuchakaa, wa siku kadhaa.

Hadassa akauliza kwa sauti ya kawaida yake, yaani mtaa mzima: "Shefu, huyu mutoto balimuchoma mara mbili?"

Nikamgeukia Kanyere. Yeye akaeleza taratibu, akipanguza mikono kwenye kitenge: "Papa Christa, nilimupeleka saa tatu ya asubui. Wewe ulikataza saa sita. Saa tatu ulikuwa hauyakataza."

Jirani mmoja alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Débora peke yake hakucheka. Akaniuliza watoto wa nyumba ya tatu wako wapi, maana hawamo kwenye orodha ya waliochomwa. Nikasema wako shambani. Akasema wakirudi, waje kituoni siku hiyohiyo, surua imeshaonekana Beni na imeanza kuonekana hapa. Akasema niwape ujumbe mimi, kwa kuwa ni shefu wao.

Ujumbe sitautoa. Radhi haijaombwa. Kwanza sasa zinatakiwa radhi mbili.

Jumanne, 14 Oktoba

Ushindi! Christa ana homa. Nimemwambia Kanyere: umeona sindano yako? Nikambeba mtoto mwenyewe hadi kituoni, nikipita katikati ya barabara ili watu waone.

Débora akampima joto. Akasema ni siku ya nane, ndiyo siku zake, homa ndogo kama hii inaonyesha mwili unajifunza. Itaondoka kesho au keshokutwa. Nikauliza kwa sauti ni nani aliyewahi kuona darasa linalochemsha mwanafunzi. Akina mama kwenye benchi wakaangalia watoto wao.

Alhamisi, 16 Oktoba

Homa imekwisha. Bahati tu.

Familia ya Stanislas imerudi. Kaja kuniuliza kama neno langu limetoka. Nikasema bado, akaze moyo. Kasema Kahindo anakohoa kidogo. Nikasema vumbi la njiani.

Jumapili, 19 Oktoba

Si vumbi.

Kahindo ana macho mekundu, mafua, na vipele vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka usoni na kifuani. Nimemwona mwenyewe baada ya ibada. Mtoto ambaye hunipigia kelele "Shefuuu!" kila nikipita, leo ameniangalia tu. Débora amempa matone ya vitamini na kusema wamchunge kifua, akipumua mbiombio wamkimbize hospitali. Mdogo wake amechomwa sasa hivi. Débora amesema pengine wamechelewa, hajui.

Nimejisikia vibaya sana. Nimeliandika, basi, yamekwisha.

Na watu walikuwa wananitazama kwa macho fulani. Hadassa alikuwa ameweka megafoni chini, na hilo ni hatari. Nikaona lazima nionyeshe mfano. Nikaingia chumbani, nikampakata Kahindo mapajani, nikamwimbia mpaka jioni, akinikohoa usoni. Débora akaniuliza kama nimewahi kuugua surua au kuchanjwa. Nikajibu niliugua nikiwa mdogo, huko kijijini, vibaya mno, na mtu haiugui mara mbili. Akasema hilo la pili ni kweli.

Mnaona? Ni kweli.

Jumatano, 29 Oktoba

Macho yanawasha. Moshi wa jiko. Nimemwambia Kanyere abadilishe kuni. Anapikia makaa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Homa. Kikohozi. Mwanga unaniumiza. Ni uchovu wa kazi, shefu hapumziki. Kanyere amemhamishia Christa kitandani kwake na mimi nimepelekwa chumba cha viazi.

Jumapili, 2 Novemba

Vipele. Nyuma ya masikio. Halafu usoni. Halafu kila mahali ambapo shefu hapaswi kuwa na vipele.

Nimempigia simu mama yangu huko Kasugho. Nikamwambia awakumbushe watu kwamba niliugua surua utotoni. Kanyere alikuwa ameweka simu kwenye spika. Mama akasema kwa furaha kabisa, mbele ya Débora: "Hapana, mwanangu, ile ilikuwa tetekuwanga. Wakati wa surua tulikuficha kwa shangazi yako, kule Eringeti!"

Kumbe kuficha watoto ni kipaji cha ukoo.

Saa nane Hadassa amepita barabarani na megafoni: raia wote wa nyumba kumi wanaombwa wasimsalimie shefu kwa siku tano, shefu ana surua, wasingya, asanteni. Amerudia kwa Kinande. Kisha akarudia kwa Kifaransa, na hapa hakuna hata nyumba moja ya watu wa Kifaransa.

Christa anatambaa mlangoni, ananichungulia, anacheka. Ana meno manne. Hana kipele hata kimoja. Wiki tatu nzima ametambaa katika mtaa huu wenye surua, na baba yake ndiye aliyeanguka.

Damu yangu ni nzuri. Imemfaa yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Homa imeshuka. Stanislas amenitembelea. Nimemngoja agombe. Nilikuwa nimeandaa majibu sita.

Hakugomba. Aliweka maparachichi mezani. Akasema Kahindo ameanza kula, lakini amekonda mpaka nguo zinamvuka, na usiku bado anakohoa. Mdogo wake aliugua pia, siku nne, amepona. Halafu akasema polepole kwamba siku nyingine, mambo ya watoto, atakwenda kumuuliza Mama Hadassa. Akanitakia uponyaji. Akaondoka.

Afadhali angenitukana. Nimelala nimeangalia ukuta mpaka jioni. Maparachichi sikuyagusa.

Débora alikuja baadaye kunipima. Nikamuuliza, kwa sauti iliyobaki, kama itanirudia. Akasema hapana, surua nimemaliza nayo maisha yangu yote, sasa nina kinga. Nikamwomba arudie. Akarudia: nina kinga. Nimelipigia mstari neno hilo, mara mbili.

Kisha akaendelea kusema. Kwamba kinga hiyo ni ya surua peke yake. Kwamba tena surua ina ubaya mwingine, ikiingia mwilini huchana kurasa za daftari ambamo mwili umeandika sura za magonjwa mengine ya zamani, na kwa miezi mingi mtu huwa dhaifu kuliko mwanzo. Kwamba mimi na Kahindo tulale ndani ya chandarua, tunywe maji yaliyochemshwa, tukae mbali na wagonjwa. Alisema mengi. Mimi nilikuwa bado kwenye lile neno la kwanza.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeamka mtu mpya! Nimenyoa. Nimevaa koti. Nimetembea nyumba zote kumi, na kwenye kila mlango nimewatangazia kwamba shefu wao sasa ana kinga, kwa ushuhuda wa muuguzi wa serikali mwenyewe. Hadassa aliniuliza kinga ya nini. Swali la mtu ambaye hana!

Wengine wanachomwa sindano kidogo kidogo, leo hii, mwakani ile. Mimi nimechukua yote kwa mara moja, kwa nguvu zangu, bila barafu wala jile. Nilisimama peke yangu dhidi ya kituo kizima na nimetoka na kinga. Nani ameshinda? Stanislas alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, akamshika Kahindo mkono, akaingia naye ndani. Ataelewa. Nampa mwezi.

Nyumbani nimetoa amri tatu, nikiwa nimesimama. Chandarua changu kiondolewe. Maji yangu yasichemshwe tena, makaa yasipotee bure. Na leo mchana naenda kumsalimia mzee Ésaïe wa nyumba ya tisa, anayehara tangu Ijumaa na watu wanamwogopa. Nitakula naye sahani moja, waone shefu ni nini.

Kanyere amesema "sawa". Haraka sana. Kisha akachukua jerikani la maji na kulifungia kabatini, funguo kifuani. Haidhuru. Nimeshuka mtoni mwenyewe, nikanywa vikombe vitatu, wazi, mbele ya wanawake waliokuwa wanafua.

Tumbo linanguruma tangu saa nne. Kinga iko kazini.