Benki Yenye Kufuli Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Vifaranga arobaini niliouziwa kama mitetea wameanza kuwika. Wote! Miezi minne nawalisha nikingoja mayai, kumbe nafuga kwaya. Kidonge, mwanangu wa miezi saba tu, anashtuka kila mmoja akianza. Nimemkumbatia, nikamwambia mama ana mpango. Sina mpango. Pesa ya kuku niliikopa kikaoni, kwenye sanduku letu la akiba la akina mama, na Jumamosi ni mgao wa mwaka. Mtunza sanduku? Mimi. Fisi na bucha yake.

Jumanne, 5 Machi
Redio imenifufua! Benki kubwa imekopesha ovyo, inazama, na serikali inaipa mabilioni. Waziri kasema ikianguka itaanguka na wengi. Mwiko ukanitoka mkononi. Mimi je? Nikianguka, si naanguka na akina mama kumi na wanane? Jirani na shoga yangu, Fundi cherehani, mwenye ufunguo wa pili wa sanduku, kachungulia dirishani kuuliza kama majogoo wangu wameshataga. Nimemwambia acheke tu, serikali iko njiani.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda ofisi ya serikali, Kidonge mgongoni. Karani kauliza kama sisi ni benki. Nikamweleza: sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, mmoja akikosekana halifunguki. Hao wenye ghorofa wanatuzidi nini? Kasema serikali haiokoi majogoo. Hilo ni jibu? Kidonge kamtapikia muhuri. Haki ya Mungu, sikumtuma.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweleza mama mkwe, mwenyekiti wetu, mwenye ufunguo wa tatu. Kaniuliza: mwanangu, hiyo pesa ya serikali inatoka wapi? Nikasema serikalini. Kacheka mpaka akashika mlango. Eti inatoka kwenye sabuni na chumvi anayonunua yeye. Nimenuna hadi magharibi. Kwani chumvi ni ya nani peke yake?

Jumamosi, 9 Machi
Kikao! Sanduku limefunguliwa, robo haipo: mkopo wangu. Fundi kasimama. Mwaka mzima kajinyima apate cherehani ya pili, leo alipie kuku wa watu? Tukimwokoa huyu, kasema, kesho kila mtu atafuga upuuzi wake. Nikapaza sauti: mbona matajiri wakizama hawaulizwi? Wengine wakapiga meza. Mmoja akasema basi na hao wazame, tena kwa mawe shingoni.

Mama mkwe hakubishana. Kauliza tu: huyu akiuza mpaka sufuria alipe, nani atalala njaa? Macho yote kwa Kidonge, aliyekuwa anatafuna ufunguo wa Fundi. Fundi kamchomoa ufunguo mdomoni. Kisha kasema cherehani itangoja miezi mitatu, ila majogoo wote wauzwe na ufunguo wangu niutoe.

Nimeutoa. Wakubwa wa benki hawakunyang'anywa hata kalamu! Nimelia kidogo njiani. Fundi kanibebea mtoto mpaka mlangoni, huku akinisema.

Jumatatu, 11 Machi
Majogoo wameuzwa. Kidonge kalala mpaka jua limechomoza, shavu kama andazi. Nusu ya pesa nimeipeleka sandukuni. Nusu nyingine iko kwangu kwa muda tu.

Muuzaji wa vifaranga kapita. Nimemfokea mpaka kofia ikamdondoka. Kaapa safari hii ana bata, na bata hawawiki. Kusema kweli, hapo ana hoja. Nimechukua thelathini.

Fundi kachungulia dirishani, kaona makasha, kashika kichwa. Kauliza nikizama tena itakuwaje. Nimemwambia atulie, shoga yangu. Mara ya kwanza ndiyo ngumu. Sasa njia ya kuniokoa wote mnaijua.