Kitako cha Bunduki ya Baba Mkwe

Jumapili, 16 Novemba
Maafa. Nimeegemeza mlango wa gereji, ule wa kuinuliwa juu, kwa bunduki ya marehemu baba mkwe, mara moja tu, nitoe theluji. Haikuwa na risasi. Mimi si mjinga. Mlango ukashuka, kitako cha mbao kikapasuka. Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, na kila mwaka Lorna huenda nayo kuwinda pale alipokuwa akivizia na baba yake. Nampenda mke wangu. Hatajua.

Jumatatu, 17 Novemba
Mpango safi. Shemeji Delmar ameipeleka kwa Bibi Arlys, mwenye duka la bunduki, ambaye pia ni fundi. Mimi angenihoji, alinifundisha shule ya Jumapili. Kwa malipo, Delmar kadai soseji zangu zote za moshi. Mnyonyaji.

Jumatano, 19 Novemba
Kitako kimeungwa. Delmar hataki kuifuata. Eti, "Mwambie dada kwanza, shemeji." Nikaenda mwenyewe. Bibi Arlys akasema bunduki iliyotengenezwa humrudia aliyeileta, basi. Mwingine yeyote ajaze fomu, aoneshe kitambulisho, akaguliwe na serikali. Nikajaza. Akawauliza wakaguzi kwa simu. Jibu: subirini. Kina Verlyn Olson tuko wengi jimboni Wisconsin, na inaelekea mmoja wetu ana mambo yake. Wakinyamaza, sheria inamruhusu kunikabidhi Jumanne. Jumanne!

Alhamisi, 20 Novemba
Nimevaa koti la Delmar, kofia yake, miwani yake. Kwa sauti nzito nikasema nimefuata bunduki niliyoileta. Bibi Arlys hakuinua hata macho. "Verlyn, vua kofia ukiwa ndani." Nikavua. Akasema angekuwa hata mwanawe wa kumzaa asingempa, maana leseni ndiyo inayomlisha. Kisha akanipa biskuti. Niliila huku machozi yakinilengalenga.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimemwambia Lorna. Sikupanga. Alikuwa akikunja soksi nene za baba yake, nikashindwa. Kumbe alijua tangu Jumatatu. Delmar hana kifua. Lorna alikuwa akisubiri tu niseme mwenyewe. Jioni Delmar akaileta bunduki, pamoja na habari: ndani ya kitako Bibi Arlys alikuta gundi ya zamani, kazi ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi kabla yake. Baba mkwe naye alikivunja, akamficha mama mkwe mpaka kufa. Lorna alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akalia kweli, kichwa begani kwangu. "Usinifiche tena kitu, mume wangu." Nimeapa. Sijawahi kumpenda kama leo.

Jumamosi, 22 Novemba
Lorna ameondoka na bunduki yake kabla ya mapambazuko, akiimba. Theluji imejaa tena. Mlango sikuuegemeza kwa bunduki, ng'o. Nimetumia kiti cha kubembea cha mama mkwe.
Kimevunjika mguu mmoja tu. Lakini mtu hujifunza: safari hii nimekipeleka kwa seremala mwenyewe, kwa jina langu, na nitakichukua mwenyewe. Lorna hatajua.