Mahari Iliyotoka Chini ya Jiko Langu

Kwa Tata Banza Louis na Mama Ndaya,
Wazazi wa kijana Hénock,
Sandoa.

Yahusu: Malalamiko juu ya betri

Wapendwa wakwe watarajiwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, mihogo imestawi na barabara ya kwenu bado inapitika. Sisi huku Kasulo hatujambo, tunakula vumbi la malori kama kawaida, na hadi sasa hakuna aliyekuja kututoza kodi ya vumbi hilo. Mimi ni Kabemba Mathieu, baba yake Myriam, binti ambaye kijana wenu anataka kumwoa. Nilikuwa karani wa stoo mgodini hadi nilipostaafu, ndiyo maana nimezoea kuweka mambo kwa namba. Mniwie radhi. Mtu aliyeandika "kimeingia" na "kimetoka" maisha yake yote hawezi kulalamika ovyo ovyo.

Kwanza nawashukuru. Mshenga wenu, Tata Kabasele, alifika na vitu vyote tulivyoomba: mbuzi, vitenge vya mama, jembe, na suti yangu, ambayo mikono yake ni mirefu kidogo lakini ni suti. Zamani baba wa binti aliomba pia taa ya karabai, ile ya kupampu. Mimi nikasema twende na wakati, nikaomba sola. Mkaleta sola, betri yake, nyaya na balbu, vyote vipya. Vitu vikapangwa juu ya mkeka. Kwetu, kama alivyowaeleza mshenga, baba hugusa kila kitu kwa mkono, na asichokigusa hakijapokelewa. Niligusa mbuzi, nikagusa vitenge, nikagusa jembe na suti. Nilipofika kwenye betri mkono ukakataa. Watu walidhani ni mgongo. Naandika kueleza kwamba mgongo wangu hauna neno, na kwamba kwa sababu ya betri hiyo mahari haijatimia na Myriam bado yuko kwangu.

1. Betri hiyo ni mali yangu. Hénock hakukutana na Myriam kanisani wala sokoni. Alikutana naye jikoni kwangu, yeye akiwa chini ya jiko na binti akiwa juu. Wakati ule Kasulo nzima ilikuwa inachimba kobalti, watu wanachimba uani, wanachimba vyumba vya kulala, na kijana wenu na wenzake wakaja kuniomba wachimbe chini ya jiko, tugawane watakachopata. Nilikubali. Walivunja sakafu, wakashuka kwa kamba, na Myriam akawa anawateremshia maji ya kunywa. Maji hayo yalikuwa mengi kuliko kiu yao, lakini hilo nililigundua baadaye. Kobalti ikapanda gunia kwa gunia, ikaenda depo ya wanunuzi, ikapakiwa kwenye lori, ikavuka mpaka, ikapanda meli. Huko ilikokwenda, kila mtoto wa shule anajua, hutengenezwa betri. Sasa betri imerudi Kasulo imevaa plastiki nyeusi na maandishi ya kigeni, na mimi naambiwa nipige makofi. Katika stoo, kitu kilichotoka kwetu kikirudi kwetu tunaandika "kimerudishwa". Hatuandiki "mahari".

2. Jiko lenyewe halikurudi. Shimo lilipoacha kutoa, wachimbaji walikwenda zao, wakatuachia uwazi ambao tumeufunika kwa mbao na turubai. Mke wangu Honorine sasa anapika uani. Mvua ikinyesha tunakula bukari, ugali wetu, ukiwa mbichi na kusema asante Mungu kwa mvua. Ukutani kuna ufa unaotoka mlangoni hadi kwenye picha ya Bikira Maria. Nimehamisha picha mara kadhaa na ufa unaifuata, kwa hiyo hatuwezi kusema nyumba hii haina ibada. Nawaomba mtazame hesabu hii kwa utulivu: kijana amechukua jiko langu, kisha amerudi kuchukua anayenisaidia kupika. Akirudi mara ya tatu sijui atachukua nini, labda mimi mwenyewe.

3. Taa inawaka. Ningependa sana kulalamika kwamba ni mbovu, lakini inawaka, na hilo nalo limeniletea shida. Juu ya mabati yetu zinapita nyaya nene za umeme kwenda migodini. Zinavuma tu na kupita, kama wakubwa wasiosalimia mtu. Kasulo tumekaa chini yake na mishumaa yetu bila kumwonea mtu wivu, kwa sababu giza lilikuwa la wote. Sasa nyumba yangu peke yake inang'aa, na njia nzima imehamia kwangu na simu zao. Jirani yangu Mushiya huleta simu kuichaji na kukaa kuingoja, na simu ya mtu mwenye habari nyingi haijai upesi. Nimejua ugonjwa wa kila mtu, na madeni ya waliokufa na ya walio hai. Honorine amepata friji ya mkono wa pili, anauza maji ya baridi, na siku hizi ananijibu kama mkurugenzi. Nilipomwambia kwamba betri haijapokelewa, alinijibu mbele ya wateja: "Ee tata, taa inawaka, maji iko baridi, batu banakuya. Sasa unalilia nini?"

Nataka ijulikane kwamba mimi binafsi siigusi. Nikipita sebuleni naizunguka. Nikitaka mwanga, naomba mtu mwingine awashe. Ni kweli nasoma gazeti chini ya balbu hiyo, na ni kweli nakunywa maji ya friji, lakini mwanga si kitu cha kushika, na maji ni ya Honorine.

4. Nimeendelea kufikiri, na nimeona jambo hili ni kubwa kuliko Sandoa. Kama mtu aliyepokea kilichotoka chini ya jiko langu akakileta mbele yangu ni mkwe wangu, basi na wale waliokipokea wasikilete ni wakwe zangu pia, tena wakwe wasio na adabu. Yule bwana wa ng'ambo anayeendesha gari lisilotoa moshi ni mkwe wangu. Hajawahi kuja kuniamkia. Yule mama wa ofisini mwenye kompyuta nyembamba kama kitabu cha nyimbo ni wa ukoo wangu, na sijaona hata kuku wake. Sisemi wote walete mbuzi, maana sina pa kuwafungia. Nasema wangepiga hodi.

Sasa tazameni adabu ya ukwe inavyotuelemea. Mnajua kwamba kwetu mama mkwe hatazamani usoni na mkwe wake, hali mbele yake, wala hampi mkono. Basi Honorine aende wapi? Muuza nyanya ana simu, kwa hiyo ni mkwe. Dereva wa pikipiki ana simu mbili, kwa hiyo ni mkwe mara mbili. Hata padri wetu, ambaye kanisa limemkataza kuoa, nimemwona akitoa simu mfukoni baada ya misa. Mwanamke huyu angetakiwa ajifunike kitenge usoni kuanzia mlangoni kwake hadi mwisho wa dunia. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nina simu. Kwa maana hiyo mimi ni mkwe wangu mwenyewe, na nimekuwa nikila mbele ya mama mkwe wangu kila siku bila aibu. Siku moja nilijaribu kuchukua sahani yangu nikale peke yangu nyuma ya nyumba. Honorine aliniacha huko, na hakuna aliyeniita.

Nimefikiria pia kuwaandikia wenye viwanda, lakini Myriam ananiambia barua kama hizo hujibiwa na mashine, na mashine yenyewe ina betri. Nimekataa kulalamika kwa jamaa.

5. Namba hii sikutaka kuiandika. Hénock, kama mnavyojua, sasa anachimba Mutoshi. Mvua ilipopita majuzi, ikaja habari asubuhi kwamba shimo limeporomoka huko na watu wamo ndani. Habari ilikuja kwa simu, maana simu ni hodari sana kwa habari hizo. Myriam akasimama langoni akaanza kumpigia. Nataka wataalamu wanieleze jambo hili: jiwe linalotengeneza simu liko chini kule kule alipo kijana, liko mikononi mwake, analigonga kwa nyundo, na simu yake haishiki mtandao. Kutwa nzima mwanangu alisikiliza mwanamke wa kampuni ya simu akimwambia kwa Kifaransa, kwa adabu kubwa, kwamba anayemtafuta hapatikani. Akikata, anapiga tena. Honorine alizima friji, hakuuza maji siku ile. Watu walileta simu zao kuchaji, wakamwona Myriam, wakageuka nazo mfukoni.

Jioni Hénock akatokea kwenye kona ya njia, mwekundu kwa vumbi, akaanza kuuliza kama kuna maji ya baridi. Lilikuwa shimo lingine. Myriam akampiga kofi, halafu akalia akiwa amemshika shati. Kijana akawa anasema, "Mi niko, mi niko, si unaniona?" Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kana kwamba natafuta kitu. Niliogopa, wakwe zangu. Karani lazima aandike kilichopo, na kilichokuwapo siku ile ni woga. Kijana wenu alipokuwa chini ya jiko langu nilimsikia akigonga, nikalala. Kutoka Mutoshi simsikii.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Betri hii ichukuliwe, iletwe nyingine iliyochimbwa chini ya jiko la mtu mwingine, ikiwezekana mtu tajiri, ili nione na yeye anapikia wapi. Kama hiyo haipatikani, nirudishiwe jiko, nami nitatoa hati ya mapokezi yenye mhuri, maana mhuri wa stoo niliondoka nao. Na kama hilo nalo ni gumu, basi Hénock asishuke tena shimoni. Mna mashamba Sandoa, mna biashara ya mahindi. Auze unga, afuge mbuzi, achome makaa, atengeneze baiskeli, afanye kazi yoyote yenye mbingu juu yake. Najua mtaniambia mahindi hayalipi kama kobalti. Ni kweli. Najua pia kwamba suti yangu, mikono yake mirefu na yote, imetoka shimoni, na kwamba ada ya chuo cha Myriam ilitoka shimoni, na mabati yaliyo juu ya kichwa changu ninapoandika. Sijasema naelewa uchumi. Nimesema sitaki binti yangu asimame tena langoni vile.

Hadi mojawapo ya hayo litimizwe, mkono wangu utabaki mfukoni na binti atabaki nyumbani.

Nisalimieni ukoo wote wa Sandoa, bibi yake Hénock ambaye nimesikia anasikia vizuri kuliko vijana, mafundi, wakulima, na yeyote huko mwenye simu, ambaye sasa anajua tunahusianaje. Honorine anawasalimu akiwa amegeuza uso, kama adabu inavyotaka.

Wenu katika ukwe ambao bado una mushkeli,

Kabemba Mathieu
Karani mstaafu, baba wa Myriam
Kasulo, Kolwezi

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Myriam aisome barua hii, kwa kuwa ni yeye anayesomea umeme, nami nilitaka kuhakikisha sijakosea mambo ya ufundi. Alicheka katika namba ya kwanza. Katika namba ya nne alicheka hadi akakaa chini. Katika namba ya tano hakucheka. Kisha akaigeuza betri ubavu, akanionyesha maandishi, akasema polepole kama anayezungumza na mgonjwa: "Papa, mu hii batri hamuna kobalti hata kidogo. Ni ya chuma na fosfati. Batri mingi ya sola njo banatengeneza vile, ju bei yake iko chini." Nilimwuliza kama ana hakika. Ana hakika.

Namba ya kwanza, basi, imekufa, na imezikwa pamoja na namba ya nne. Betri ni yenu kweli, mlileta kilicho chenu kwa moyo mweupe, na mimi nimekaa nikiwatukana kwa namba. Jiko langu halimo humo, wala hakuna atakayenionyesha lilipokwenda. Dunia nzima si wakwe zangu tena. Mkwe ninaye mmoja tu, na Honorine anaweza kwenda sokoni. Mahari nimeipokea yote. Njoni Jumamosi, Tata Kabasele ataonyesha njia, na Myriam yuko tayari tangu siku nyingi, alikuwa ananingoja mimi.

Hilo la Hénock kutoshuka nalirudia. Nililitegemeza kwenye betri, na betri imenisaliti. Sina namba ya kuliandikia wala hoja ya kulisimamisha. Nawaomba tu.